"Leo umemshinda nani?"

Hilo ndilo swali mama aliloniuliza wiki yangu ya kwanza ya jiu-jitsu, mchezo wa kukabana na kukunjana viungo mkekani, nilipoingia ndani kimono, vazi letu la mazoezi, kikiwa kinachuruzika jasho kwenye mfuko wa rambo. Sikuwa na jibu. Wiki nzima nilikuwa chini ya watu. Fundi simu mmoja wa Kariakoo, kijana mwembamba wa kilo 60 hivi, alinipiga roba mara nne ndani ya raundi moja ya dakika tano, mimi na kilo zangu 84 na kifua cha kunyanyua vyuma. Nilisimama kwenye daladala mpaka Mbagala, shingo imekaza, nikijiapiza kwamba sirudi tena.

Nikarudi. Huu ni mwaka wangu wa saba, nina mkanda wa zambarau, wa tatu kuanzia mweupe wa wageni, na nimeshaona wengi wakiingia kwa kishindo na kupotea kabla ya miezi mitatu. Maumivu hayawafukuzi, watu wa mji huu wamezoea kubanwa. Wanafukuzwa na hesabu. Wanatoka darasani wakihesabu waligonga, yaani walisalimu amri, mara ngapi na waligongesha wenzao mara ngapi, na kwa mtu wa mkanda mweupe hesabu hiyo haiwezi kuwa nzuri.

Basi anza kwa kuelewa kugonga. Unapopiga mkeka au mwili wa mwenzako mara mbili tatu, anaachia palepale. Ishara hiyo ndogo ndiyo inayotuwezesha kukabana kwa nguvu kweli leo jioni na keshokutwa tena, jambo ambalo bondia hawezi kulifanya na ngumi. Ukiichezea, mwili hautakusamehe. Roba iliyoingia vizuri hubana mishipa ya damu iliyo pembeni mwa shingo, na mtu huzima ndani ya sekunde kama 10. Kiwiko nacho hakina mazungumzo. Mwaka wangu wa kwanza niligoma kumgongea kijana mgeni, eti kwa sababu mkanda wake ulikuwa mweupe kama wangu. Kiwiko kikalia kama kijiti kikavu. Wiki sita nilikaa pembeni natazama wenzangu, chai nanywa kwa mkono wa kushoto. Aliyeomba radhi ni yeye, ila kosa lilikuwa langu.

Utasimuliwa habari za Hélio Gracie, Mbrazili mmoja wa waasisi wa mchezo wetu, aliyepambana na mwanajudo wa Japani, Masahiko Kimura, mwaka 1951 kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Kimura alimkunja mkono mpaka ukavunjika. Hélio hakugonga, aliyesimamisha pambano ni kaka yake, Carlos. Watu husimulia kisa hiki kusifu ushujaa, na kila nikikisikia kiwiko changu kinanikumbusha mambo. Mimi kinachonigusa ni kilichofuata: mkunjo ule Wabrazili wenyewe wakauita Kimura, na ndivyo tunavyouita hadi leo hapa Dar. Mtu kakuvunja mkono, nawe unachukua silaha yake, unaifundisha wanafunzi wako, na jina lake unaliacha palepale.

Kuna msemo utausikia sana kwenye mkeka: hakuna kushindwa, kuna kujifunza tu. Niliupenda, sasa unanikera. Nilikabwa kwa pembetatu ileile, kabali inayofungwa kwa miguu, na mtu yuleyule, karibu mwaka mzima, na sikujifunza kitu. Kushindwa hakumfundishi mtu kwa kuwa tu kumetokea. Nilianza kuambulia kitu pale mwalimu aliponizuia kuuliza "nitokeje hapa?" akanitaka niulize "nimefikaje hapa?" Kosa halikai pale ulipogonga, linakuwa sekunde kumi nyuma. Ukivunjwa kiwiko ukiwa katikati ya miguu ya mtu, mara nyingi ni kwa sababu ulimsukuma kifuani kwa mikono iliyonyooka. Pembetatu inakuja ukiacha mkono mmoja ndani ya miguu yake na mwingine nje. Ukipigwa roba ya nyuma, huenda alikuwa amekukalia kifuani, ukaona bora ugeuke kifudifudi, ukampa mgongo kama zawadi ya harusi. Nunua daftari la shilingi mia tano. Baada ya darasa andika jambo moja tu: kabla sijakamatwa, mikono yangu ilikuwa wapi? Ukishindwa kukumbuka, muulize aliyekukamata. Wengi wanafurahi kueleza.

Kushinda darasani kunahitaji tahadhari zaidi, hasa kama una mwili jumba. Utawabana wageni wenzako kwa nguvu, utajiona mbabe, na miezi sita baadaye utakuwa na mbinu moja tu, tena ya kuwatesa wepesi. Acha kupania. Ukiona kuna kitu kinakupa ushindi kila siku, kiweke kando mwezi mzima, uanzie pale unapopachukia. Utagonga sana, na watu watadhani umeshuka kiwango. Waache wadhani.

Mashindano ni habari nyingine, na huko sitakudanganya: nenda ukashinde. Pambano langu la kwanza nilimwangusha mpinzani mapema, nikapata pointi 2, nikaanza kuzilinda kama mtu aliyekumbatia mkoba stendi. Akanipindua, 2 zake. Akapita miguu yangu, 3. Dakika tano zikaisha, 5 kwa 2. Tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mashabiki wa Simba na Yanga hurushiana msemo huo zaidi kwa kejeli kuliko kwa faraja. Mimi nilimpa mkono mpinzani, nikaenda nyuma ya jengo, nikalia. Kulia ruhusa. Kinyongo tu ndicho usirudi nacho darasani, maana atakayekipokea ni mwenzako ambaye hakuwepo hata kwenye mashindano.

Jumanne iliyopita binti wa mkanda mweupe, mwenye miezi minne kwenye mchezo, alinigongesha. Nilikuwa nimechoka kwa joto, nikamwachia ukosi wa kimono changu kizembe. Darasa zima likapiga kelele, yeye mwenyewe akaziba mdomo kwa aibu. Nikamwomba anikamate tena taratibu nione mkono wake wa pili ulipitia wapi. Ulipitia chini ya kwapa langu, ambako sikuwa nikipalinda kabisa.