Faili tupu? Uliza kwanza ni sheli gani iliyosoma amri

Ofisini kwetu, Ngong Road, mkubwa ana Mac, vijana wengi wana Windows, na seva ni Ubuntu. Skripti ileile huzunguka kote huko, na haipiti muda kabla mtu hajaniita: "Kuja uone, programu haiandiki logi" (kumbukumbu za kazi yake). Siku hizi programu siigusi. Anayefungua faili na kuelekeza matokeo humo ni sheli, yaani programu inayosoma amri unazoandika, na hufanya hivyo kabla programu haijaanza.

Chukua amri hii: `./ripoti &> ripoti.log`. Kwenye sheli ya bash, na kwenye zsh ambayo Mac huja nayo tangu 2019, matokeo na makosa yote huingia faili moja. Iweke kwenye cron ya Ubuntu, inayoendesha kazi kwa ratiba, uone vituko. Cron hutumia `/bin/sh`, na huko Ubuntu sh ni sheli nyingine, dash, tangu 2006. Dash haiijui `&>`. Ikifika `&` inaipeleka kazi nyuma, kisha `>` inafungua faili na kuifuta iwe tupu. Hulalamiki wewe, hailalamiki yenyewe. Asubuhi mhasibu anaulizia ripoti, unafungua faili, baiti sufuri.

Zoea `> ripoti.log 2>&1`. Hiyo `2` ni makosa, nayo yanafuata matokeo yanakokwenda. Inaeleweka kote, hata kwenye cmd, sheli ya zamani ya Windows. Ila usipindue mpangilio! Sheli husoma kutoka kushoto; ukitanguliza `2>&1`, makosa yanaelekezwa kule matokeo yalikokuwa yakienda wakati huo, yaani kwenye skrini, na faili inakosa kile hasa ulichokuwa ukitafuta. Kabla ya kuikabidhi cron amri yoyote, ijaribu kwa `dash -c`.

Windows ina vitimbi vyake. `>` ya PowerShell 5.1, sheli nyingine ya Windows, huandika kwa UTF-16 (baiti mbili au zaidi kwa kila herufi), kwa hiyo ukiipeleka logi kwenye seva, grep, amri ya kutafuta maneno, haioni neno ambalo wewe unaliona kwa macho yako. Amri `file ripoti.log` itakufichulia. PowerShell 7 imeachana na tabia hiyo. Na ukiwa ndani ya Git Bash, yaani bash ya Windows, ukitaka kutupa matokeo kama kwenye cmd, usiandike `> nul`: utapata faili halisi iitwayo nul ambayo Windows inagoma kuifuta. Ifute kwa `rm` humohumo.

Kama sheli ni sawa na faili bado ni tupu huku kazi ikiendelea, huenda programu inalimbikiza maandishi kabla ya kuyatoa. Kwa Python, ongeza `-u`.