Ndege Aliyelala Ndani ya Theluji

SWALI: Milimani hapa Uswisi kuna vibao vinavyozuia watu kuingia msituni majira ya baridi, eti kuna grausi weusi, ndege wa jamii ya kwale. Si bora wawekewe nafaka tu?
Msomaji, Zürich

JIBU: Ndugu msomaji, nafaka itawaponza: huita mbweha, na ndege wakirundikana huambukizana magonjwa. Chakula wanacho, yaani majani ya misonobari na machipukizi, ila hakina nguvu nyingi. Ndiyo maana grausi hula asubuhi na jioni, kisha hujichimbia kwenye theluji laini, yenye kina cha sentimita 30 hivi au zaidi. Humo baridi huwa nyuzi chache tu chini ya sifuri, hata nje ikiwa -15.

Mtu akipita na skii karibu, ndege huruka na kuteketeza akiba yake. Akifukuzwa mara kwa mara hudhoofika. Mvua ikinyesha kisha ikagandisha ukoko mgumu juu, hawezi tena kuchimba. Siku hizo usumbufu ni hatari zaidi.

Kwa hiyo fuata njia zilizowekwa alama, epuka kingo za msitu, na mbwa wako mfunge kamba, hata akiwa mtiifu.