Mume wangu amepona kiharusi, lakini hataki chochote

SWALI: Shikamoo Daktari. Mume wangu ni fundi cherehani hapa Tanga. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono umerudi, mguu umerudi, anaongea vizuri, ila hataki kitu. Nikimwekea uji anautazama mpaka unapoa. Nikimshikisha kikombe, anaumaliza wote. Mteja akija anamwangalia tu. Ukimuuliza, anasema hana huzuni. Ndugu zake wanasema anadeka. Kijana wetu aliyeko Muscat amesoma kuhusu mashine ya sumaku inayoamsha ubongo, anataka kukopa hela ampeleke baba yake nje. Tukubali? – Mama Salma

JIBU: Marahaba, Mama Salma. Hicho kikombe kimenieleza mengi. Anayedeka hamalizi uji kwa sababu tu ameshikishwa kikombe. Mumeo uwezo anao. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayomfanya mtu aanze jambo mwenyewe. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hubaki na hali hii, na wengi huambulia kuitwa wavivu. Waambie hao mashemeji. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni kitu kingine, japo inaweza kuwapo pamoja nayo, hivyo apimwe.

Mashine hiyo ipo kweli. Anthony Barker na wenzake waliionyesha Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Koili, yaani waya uliozungushwa, hushikiliwa juu ya kichwa na kutoa mapigo mafupi ya sumaku, yanayozalisha umeme kidogo ndani ya ubongo. Hakuna kisu wala sindano ya usingizi. Mgonjwa yuko macho, anasikia ta-ta-ta na kugongwagongwa kichwani. Marekani iliiruhusu kwa sonona mwaka 2008.

Kwa tatizo la mumeo, ushahidi bado ni mdogo. Mwaka 2017 madaktari wa Japani walichapisha jaribio la siku 5: wagonjwa wengine walipata mapigo ya kweli, wengine ya kuigiza. Waliopata ya kweli walionyesha ari zaidi. Lakini wote kwa jumla walikuwa 13, hawajazi hata Hiace moja! Tena ari ilipimwa kwa maswali, na alama kupanda kwenye dodoso si sawa na mtu kurudi kwenye cherehani. Mimi natamani majaribio makubwa yafanyike. Kukopa kwa sababu ya watu 13, hapana. Na anayekuuzia kama tiba ya uhakika, mkimbie. Katika utafiti halali, kwa kawaida mgonjwa hatozwi kwa tiba inayojaribiwa. Halafu kuna hatari ya degedege, nadra lakini ipo, na mwenye betri ya moyo au chuma kichwani huenda asiruhusiwe kabisa.

Nyumbani, acha kumuuliza “utashona leo?” Swali hilo linadai hamu itoke ndani, na hapo ndipo palipoharibika. Mkalishe kwenye cherehani saa ileile kila siku, uzi umeshatungwa, kitambaa kiko chini ya sindano, umwambie: “Shona hapa mpaka kwenye chaki.” Akifika, msogezee kipande kingine. Anza na viraka na pindo, suruali za wateja zisubiri.

Kliniki, nenda na dawa zake zote, hata za kulala, maana nyingine humpoozesha mtu. Omba wampime na tezi ya shingo. Kijana wa Muscat, badala ya mkopo, alete mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi.