Re: Kupimwa kumbukumbu kwa simu baada ya ajali ya kichwa

Dada pole na kaka yako, umeuliza kama hiki kipimo cha simu anachofanyiwa huko Marekani kipo kweli, kipo kabisa. Kimoja kinaitwa BTACT, kama dakika 20 hivi, anasomewa maneno 15 ayarudie afu mwishoni anaulizwa tena, anataja namba kinyumenyume, wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika 1, na kuhesabu kurudi nyuma toka 100 kwa sekunde 30. Hakuna kuchora wala kuangalia kitu ndo maana simu inatosha. Ila akae chumba kimya, tv izimwe, asiandike pembeni, na aliye naye asimnong'oneze jibu jamani, daktari atashindwa kujua wapi anahitaji msaada. Wakianza kuulizia mambo ya benki akate simu.