Bonasi ya gemu iliyokwisha kuuzwa si bei ya utiifu

Msomaji mmoja, mchoraji wa wahusika katika studio ndogo ya Nairobi, ametuandikia. Gemu yao imeuzwa vizuri. Mchapishaji (kampuni inayotoa fedha za kutengeneza gemu na kuiuza), aliye ng'ambo, anasema bonasi ipo ila itatoka sehemu ya pili ya gemu ikishakabidhiwa, na atakayeondoka kabla ya hapo "atakuwa amejitoa mwenyewe". Anauliza: akidai sasa, ataonekana hana shukrani?

Dada yangu, la shukrani liweke kando kwanza. Hapo kuna fedha za aina mbili zilizotiwa mfuko mmoja: ya kazi uliyomaliza, na ya kukushawishi ubaki. Mchapishaji anayezichanganya anajua anachofanya.

Kesi ya kuisoma ni ya Infinity Ward ya California, studio iliyotengeneza gemu ya Modern Warfare 2 kwa mchapishaji Activision. Gemu hiyo ilitoka tarehe 10 Novemba 2009, na kufikia Januari 2010 Activision yenyewe ilikuwa imetangaza mauzo ya zaidi ya dola bilioni 1. Tarehe 1 Machi wakuu wa studio, Jason West na Vince Zampella, wakafukuzwa kwa madai ya kuvunja mkataba na ukaidi. Siku mbili baadaye wakaenda mahakamani. Mwisho wa Aprili wafanyakazi 38 wakafungua kesi yao, wakidai kati ya dola milioni 75 na 125 za bonasi na mirabaha, mbali na fidia ya adhabu. Walisema fedha ya gemu iliyokwisha kuuzwa ilishikwa makusudi ili wabaki wamalize Modern Warfare 3. Activision ilikana. Mei 2012, siku za kusikilizwa kesi zikiwa zimekaribia, iliwalipa dola milioni 42, na mwisho wa mwezi huo West na Zampella wakapatana nayo kwa masharti ya siri. Ni miaka miwili hiyo, na hao walikuwa na mawakili wa Los Angeles.



Sasa fungua mkataba wako utafute maneno haya: "awe mwajiriwa siku ya malipo". Kifungu hicho ndicho kinachowanyima watu bonasi, kwa sababu siku ya malipo anaipanga mwenye fedha. Omba kiandikwe "awe mwajiriwa siku robo ya mwaka ya mauzo ilipofungwa", na malipo yafuate ndani ya siku 45. Maneno mengine ya kuogopa ni "kwa hiari ya kampuni". Yakiwa kwenye mkataba, kudai kunakuwa kugumu sana, hata meneja awe aliahidi mbele ya ofisi nzima. Na kama wanataka ubaki, walipe hiyo kando: kiasi chake, tarehe yake, karatasi yake.

Halafu kuna hesabu ya advansi, yaani fedha ambayo mchapishaji huitanguliza kwa studio kisha akajirudishia kutoka kwenye mauzo; wachoraji wengi hawaionyeshwi. Chukua mfano: mchapishaji aliipa studio dola 1,000,000 kutengeneza gemu, mgawo wa studio ni asilimia 20, na mapato halisi yamefika dola 4,000,000. Kama advansi inarudishwa kutoka kwenye mgawo wa studio peke yake, asilimia 20 ni dola 800,000, kwa hiyo studio bado inadaiwa 200,000 na mfuko wa bonasi ni sifuri. Kama advansi inakatwa kwanza kwenye mapato yote, zinabaki 3,000,000 na studio inapata 600,000. Gemu ni ileile na mauzo ni yaleyale. Kwa hiyo usiulize tu "imeuza ngapi", uliza advansi inarudishwa kutoka wapi, na "mapato halisi" yamekatwa nini: ada ya duka, matangazo, kodi, marejesho ya wateja.

Ukipewa bonasi inayofuata alama za wahakiki, ikatae kama una pa kusimamia. Studio ya Obsidian iliitengeneza gemu ya Fallout: New Vegas kwa sharti la kufikisha 85 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ikapata 84, bonasi ikapotea. Ukishindwa kuikataa, angalau omba ngazi, nusu ya bonasi kwa alama 80, kwa mfano, badala ya mstari mmoja.

Upande wa uaminifu, na wewe usijichongee. Katika kesi iliyofungua kujibu ile ya West na Zampella, Activision ilidai kwamba wawili hao walikutana na mshindani wake, Electronic Arts, wakiwa bado kwenye mkataba. Ukitaka kuhama, hama. Kuwashawishi wenzako kwa barua pepe ya ofisi ni kumpa mwajiri silaha. Nyaraka za kesi hiyohiyo zilieleza kwamba fundi wa kompyuta wa kampuni aliagizwa atafute njia ya kuingia kwenye barua pepe za wakuu hao. Mkataba wako, slipu za mshahara na barua za bonasi vikae kwako nyumbani. Faili za gemu usiziguse kabisa.

Na umdai yule anayepaswa kudaiwa. Mara nyingi mchapishaji hana mkataba na wewe, ana mkataba na studio, hivyo barua inakwenda kwa studio. Angalia pia kifungu kinachotaja sheria ya nchi gani itatumika. Kenya, madai ya ajira yana ukomo wa miaka 3. Tanzania muda ni mfupi mno: mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni siku 30 kwa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine. Watu wanapoteza haki wakisubiri "kikao cha mwezi ujao".

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Taja kifungu cha bonasi, gemu, robo ya mwaka ya mauzo inayohusika, na kiasi unachodai au taarifa ya mauzo unayoomba ili ukokotoe. Weka siku 14 za kujibu, omba isainiwe ilipopokelewa, na nakala ibaki nawe. Mkiwa wengi, kila mmoja aandike yake kwa tarehe moja, maana viwango vyenu havifanani.