Muulize Bi. Kapteni: Nifuate ndege au nifuate kituo?

Shikamoo Bi. Kapteni. Mimi ni rubani msaidizi wa ATR 72, ile ndege ndogo ya pangaboi, nina miaka 33, na huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Kampuni yetu inabadilisha ndege. A330, ndege kubwa za safari ndefu, zinaondoka polepole, A350 zinakuja kushika nafasi yake, na A321neo, za ukubwa wa kati, zinaongezwa. Tumepewa fomu ya kuchagua na siku 14 za kuirudisha. Naweza kubaki kwenye ATR, kituo ninachoanzia safari na ninapoishi na mke wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Huko mimi ni wa nne kwenye foleni ya ukapteni. Naweza kwenda A321neo kwenye kituo kingine, mwendo wa saa mbili kwa ndege kutoka nyumbani. Au niende A330 kituo kikuu, ambako nitakuwa wa mwisho kabisa kwenye orodha. Wenzangu wanasema nikiiacha ndege kubwa sasa nitajuta. Mke wangu hasemi kitu, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.
*Mwenye Kalamu Mkononi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, maana mara ya kwanza nilidhani nimeiandika mwenyewe.

Fomu kama hiyo ilinifikia nikiwa na umri kama wako. Nilikuwa rubani msaidizi wa Boeing 737, kwenye kituo nilichokizoea, na ukapteni ulikuwa umebakiza mwaka mmoja na nusu hivi. Nikajaza 747-400, ile Boeing kubwa ya ghorofa. Sikupiga hesabu yoyote, nisikudanganye. Nilitaka kupanda ile ngazi ya kwenda sitaha ya juu na kukaa mahali ambapo, ndege ikiwa bado ardhini, unaangalia chini paa la nyumba ya ghorofa. Mafunzo, ukijumlisha simuleta (mashine inayoigiza ndege) na safari za kukaguliwa, yalimaliza miezi mitatu na ushei. Miezi 14 baadaye kampuni ikatangaza kwamba 747 zote zinaondoka. Injini nne zilikuwa zinakunywa mafuta, na 777-300ER ilikuwa inafanya karibu kazi ileile kwa injini mbili. Hesabu hiyo watu wa uhasibu waliijua zamani. Hata mimi ningeijua kama ningeuliza.

Nikarudishwa 737, tena kituo kingine, kwa kuwa kile changu kilikuwa kimejaa. Watu watatu walioajiriwa baada yangu walikuwa wamekwisha kukalia kiti cha kushoto, na siku yangu ya kwanza nilipangiwa mmoja wao awe kapteni wangu. Kijana mstaarabu sana. Alinibebea mkoba hadi kwenye ndege, nami nilitamani ardhi inimeze.

Sasa tuje kwako. Kampuni inayotumia orodha ya ukongwe huhesabu tarehe yako ya kuajiriwa, na tarehe hiyo ndiyo inayokupa ndege, kituo, kiti, likizo, hata siku za mapumziko. Ila tarehe ni moja na foleni ni nyingi. Ukiwa wa nne kwenye ATR unakaribia kuchagua ratiba unayoitaka. Ukiwa wa mwisho kwenye A330, wakubwa wanachagua kwanza, wewe unaokota kilichobaki, na mara nyingi kinachobaki ni standbai: sanduku limefungwa, simu iko mkononi, na hujui kesho utalala bara gani au utalala kwako. Miezi yangu ya 747 niliishi hivyo. Watu walinionea wivu kwa miji niliyoiona, kumbe mingi niliiona dirishani mwa hoteli nikiwa nimefunga mapazia nusu ili nipate usingizi mchana.

Kuna jambo jingine ambalo wenzako hawatakwambia kwa sababu linawaaibisha. Safari ndefu ya usiku kucha hubeba marubani watatu, pengine wanne, na ndege inatua mara moja tu. Mmoja anatua, wengine wanatazama. Kanuni nayo inataka uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, la sivyo huruhusiwi kubeba abiria. Kwenye ATR idadi hiyo unaimaliza kwa siku mbili. Mimi mara mbili niliitwa simuleta saa nane za usiku kwenda kutua kwenye uwanja wa picha, ili nisipitwe na siku hizo 90. Rubani wa ndege kubwa kuliko zote duniani wakati huo kwenye safari za abiria, na mikono inaota kutu!

Hata hivyo A330 nisiionee, kwa maana kampuni yenu inaleta A350 na hilo lina uzito. Ndege hizo mbili zinaweza kuhesabiwa aina moja kwenye leseni, kwa hiyo mtu wa A330 huhamia A350 kwa mafunzo mafupi ya kujifunza tofauti, bila kozi nzima. Ingekuwa wanaleta 787 ningekwambia kimbia. Kwa leseni hiyo inakwenda na 777, na mtu wa A330 anaianza kama mgeni. Kwa hiyo A330 yenu inaweza kuwa daraja zuri, ingawa yenyewe inaondoka. Inaweza pia kuwa daraja lililokatika katikati, na hapo ndipo uulize: viti vya A350 watapewa waliomo tayari kwenye A330, au vitatangazwa upya kwa kampuni nzima? Vikitangazwa upya, kila mkongwe anayetaka kunusa ndege mpya atakupita, nawe utabaki na A330 mpaka ya mwisho izimwe injini. Uliza kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi. Mimi kuhusu 747 niliambiwa kwenye korido, "Hizo zipo miaka kumi bado." Aliyeniambia alistaafu kabla hazijaondoka.

Uliza pia hizo A350 ziko wapi leo. Kama zimekwisha kufika na zinaruka, sawa. Kama ziko kwenye karatasi ya mkataba, jua kwamba tarehe za viwanda husogea. Boeing 777X ilikuwa ianze kukabidhiwa mwaka 2020. Mwaka huohuo, Januari, ndipo ilipopaa kwa majaribio mara ya kwanza, na makabidhiano yakasogezwa tena na tena hadi 2027. Kuna marubani waliopanga maisha yao kwa tarehe hizo. Ndege ambayo haijafika haikupi kiti wala ratiba.

A321neo ndiyo inayonipa kigugumizi. Kwa leseni ni chaguo zuri kupita yote matatu, kwa sababu idhini ya kuirusha ni ileile ya A319 na A320, na kwa idhini hiyo unabisha hodi karibu kila bara kampuni yako ikiyumba. Lakini nina maswali mawili. La kwanza wengi hawalifikirii: zina injini gani? Neo huja na injini za CFM au za Pratt & Whitney, na mwaka 2023 hizo za pili ziligundulika kuwa na kasoro kwenye unga wa chuma uliotumika kutengenezea baadhi ya sehemu zake. Ndege nyingi mpya kabisa zikaegeshwa zikisubiri injini kukaguliwa. Kundi lenye ndege zilizoegeshwa lina marubani wengi kuliko safari, na wa chini ndio wanaokaa.

La pili ni hizo saa mbili. Umeandika "saa mbili kwa ndege" kana kwamba ni saa mbili za daladala! Utasafiri kwa kubahatisha kiti kilicho wazi, na siku ndege imejaa ndiyo siku unayotakiwa kazini alfajiri. Februari 2009 ndege ya Colgan Air namba 3407, pangaboi aina ya Dash 8 Q400, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, watu 50 wakafa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walikuta kapteni aliitikia vibaya onyo la kupoteza mwendo. Walikuta pia kwamba kituo cha rubani msaidizi kilikuwa Newark ilhali alikuwa akiishi upande wa Seattle, pwani ya pili ya nchi, na alikuwa amesafiri usiku kucha kuja kazini. Walisema uchovu huenda ulipunguza uwezo wa marubani wote wawili, ingawa hawakuweza kupima ulichangia kiasi gani. Mimi nimewahi kulala kwenye kochi la chumba cha wafanyakazi kabla ya zamu. Najua mtu anavyojiambia kwamba yuko sawa. Ukichagua A321, ama hamisha familia ama weka kwenye hesabu zako chumba cha kulala pale kituoni, na ufike siku moja kabla. Kama hesabu haikubali, basi A321 haikubali.

Sasa ATR. Najua vijana mnavyoisema: pangaboi, ndege ya vijijini. Haiendi mbali, inakwenda pole, na ukiegesha kando ya A350 hakuna abiria anayeipiga picha. Lakini huko uko wa nne. Saa za kuwa kapteni, wewe ndiye unayeamua kugeuka au kuendelea, mvua iko mbele na mafuta yanahesabika, zina uzito kwenye kitabu chako cha saa za kuruka kuliko saa nyingi za kusoma orodha ya ukaguzi kwenye kiti cha kulia cha ndege kubwa. Ni saa ambazo kampuni yoyote duniani huziuliza kwanza. Tena unazipata huku unalala kitandani kwako.

Ningekuwa wewe ningebaki, nichukue ukapteni wa ATR, kisha nitazame tena fomu ijayo, na huja tu, maana mabadiliko ya ndege hayaishi. Ningebadilisha uamuzi kwa sababu mbili tu. Moja, kama kampuni imeandika kwamba A330 wote wanavuka kwenda A350 na tarehe ina ndege nyuma yake. Pili, kama ATR zenyewe zimo kwenye orodha ya kuuzwa. Hilo hukuniandikia, na nashuku hukuuliza. Lichunguze kabla ya lolote lingine: mikataba ya kukodi inaisha lini, na kuna injini za akiba zinazoagizwa au wameacha. Fundi wa karakana hujua kabla ya mkurugenzi kutangaza.

Soma pia kipengele cha kifungo. Kampuni nyingi zikikufundisha ndege mpya hukufunga nayo miaka miwili au mitatu kabla hujaruhusiwa kuomba nyingine. Ukipata ukapteni wa ATR, kifungo kinaanza upya au la? Jibu hilo linaweza kugeuza kila nilichokuandikia.

Kuhusu mkeo: huenda hasemi kwa sababu hujampa kitu cha kusemea. Majina ya ndege hayamwambii chochote. Omba ratiba ya mwezi uliopita ya rubani wa mwisho wa A330, na ya yule wa mwisho wa A321, na ya wa nne wa ATR, majina yafutwe. Ziwekeni mezani karibu na kalenda yenu ya nyumbani, mtoto akishalala. Atasema.

Bi. Kapteni, heshima yako. Nina miaka 61 na nimerusha 737 kwa miaka 24. Zinaondolewa zote. Nimepewa nafasi mbili: nihamie A320 au niondoke mapema kwa malipo. Mzee hufundishika?
*Mzee wa Usukani*

Hufundishika, kaka. Mimi nilihamia A320 nikiwa na miaka 52, na kompyuta hazikunishinda. Mikono ndiyo iliyonishinda, mwezi wa kwanza. Ndani ya 737 usukani wako na wa mwenzako vimeunganishwa. Akivuta, wako nao unakuja, hata usipomtazama unajua anafanya nini. Kwenye A320 kila mmoja ana kijiti chake pembeni, na cha mwenzako kikisogezwa chako kimetulia tu. Ile mikono ya chuma ya nguvu za injini nayo haisogei mfumo unapoongeza au kupunguza nguvu. Mkono wangu wa kulia ulizoea kuisikia ikitembea, ukawa unakaa pale unangoja. Itabidi uamini unachokiona kwenye skrini. Kidole gumba nacho kilitafuta swichi ya kusawazisha ndege kwa wiki mbili, na swichi yenyewe haipo kwenye kijiti, maana ndege inajisawazisha.

Kwa safari za kimataifa zenye marubani wawili kikomo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni miaka 65, kwa hiyo una minne, na kozi itakula miezi michache tu. Ninachotaka ukichunguze ni hati ya mafunzo. Wakikufunga miaka mitatu, na daktari wa leseni akakusimamisha ukiwa na 63, gharama ya mafunzo ni ya nani? Kama hati inasema ni yako, irudishe waibadilishe kabla hujatia saini. Na ukifika simuleta, siku ya kwanza mwambie mwalimu akae kimya dakika kumi, uzime kila kitu, uguse tu vitu mahali vilipo. Mimi sikuomba hivyo, na nilipoteza somo zima nikimjibu kijana aliyekuwa ananiuliza kila dakika, "Bi. Kapteni, unatafuta nini huko chini?"