Re: Frank Gore anawekwaje na wakubwa?

Salama ndugu. Unashangaa Gore kutajwa pamoja na magwiji Emmitt Smith na Walter Payton, ilhali hakuongoza NFL (ligi kuu ya futiboli ya Marekani) kwa yadi za kukimbia (umbali anaosonga mchezaji akikimbia na mpira) hata msimu mmoja. Usianze na msimu wake bora (2006, yadi 1,695). Mimi nikilinganisha wabeba mpira kama hawa (running backs), kwanza natazama wamedumu muda gani, maana kugongwa kila wiki huwamaliza wengi kabla ya miaka 30. Gore alicheza misimu 16, 2005 hadi 2020: yadi 16,000 kamili, wa tatu katika historia. Na aliingia ligi akiwa ameshafanyiwa upasuaji magoti yote mawili chuoni Miami! Akiwa timu ya Colts mwaka 2016, umri 33, bado alivuka yadi 1,000.